Nimepanda Boti ya Matanga, na Chini Yake Kuna Shaba!

Ndugu zangu wa Kolwezi, wa Fungurume, wa Likasi, na wewe msomaji popote ulipo, kaa chini kwanza, maana mimi mwenyewe kukaa siwezi! Midomo bado ina chumvi, nywele zimesimama kwa upepo, sauti imenikauka kwa kupiga vigelegele, na kila ninayekutana naye namshika mkono: nimepanda! Nimepanda boti ya matanga, ile ya kisasa kabisa, ile ya kusafiria, yenye jiko na vitanda na taa na usukani wa kushoto na usukani wa kulia, nyeupe, ndefu, safi, nyororo, na usukani nimeushika kwa mikono yangu hii miwili, mimi mtoto wa Kolwezi, mji ulio zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari! Na bado!

Na bado sijakwambia kilichopakwa chini yake. Subiri. Hilo nitalifikia, na nikilifikia utaruka.

Njia ya kufika huko mnaijua vizuri. Ni ile ile ya makamiyo yetu ya mizigo: Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, mpaka wa Kasumbalesa, halafu Zambia yote mpaka Nakonde, unaingia Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro, unaishia bandari ya Dar es Salaam. Mabamba ya shaba yanapita hapo usiku na mchana. Na sisi tunaofuata mizigo tunafika Dar, tunazunguka ofisi za forodha, tunalala Kariakoo, tunanunua vitenge vya kumpelekea mama, basi, tunageuza. Bahari tunaiona kwa mbali kupitia upande wa bajaji! Safari hii nilisema hapana. Jamaa yangu wa mjini akanipeleka ghuba ya Msasani, kule zinakotia nanga boti za wasafiri, akanikutanisha na mzee mmoja wa kisiwa cha Mafia anayeitunza boti ya tajiri wake. Mzee huyo amekulia kwenye majahazi, baba yake nahodha, babu yake nahodha. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Vua viatu upande." Jamani! Nilivua viatu nikiwa bado sijamaliza kusikia!

Boti yenyewe ni Sun Odyssey 440, imechorwa na Mfaransa Philippe Briand, ikatoka kwa Jeanneau, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957 na Henri Jeanneau pale Les Herbiers, mji wa magharibi ya Ufaransa ulio ndani ya nchi, mbali na ufuo. Umesikia hilo? Vyombo vinavyovuka bahari kuu vinazaliwa mahali ambapo ukifungua mlango unaona mashamba! Moyo wangu wa bara ulidunda hapo hapo. Vipimo sitakupa, muuzaji atakupa mpaka uchoke. Mimi nakwambia mguu ulikanyaga nini na kiganja kilishika nini.

Mguu ndio ulioshtuka kwanza. Sikiliza. Kwenye boti nyingi za aina hii, ukitoka nyuma kwenye usukani kwenda mbele kwenye nanga, unapanda juu ya kiti, unavuka ukingo, unainama chini ya kamba, unajigonga goti, na kama bahari imechafuka unaomba Mungu kwa lugha zote. Hapa hakuna! Sitaha ya pembeni inashuka taratibu, inateremka yenyewe kuelekea nyuma, mpaka inakutana na sakafu ya baraza ya nyuma, pale pale nahodha anaposimama. Unatembea tu! Nilitoka nyuma nikaenda mbele, nikarudi kwa upande wa pili, nikaenda tena, nikarudi tena, mzee ananitazama anacheka, na mimi siachi, kwa sababu nyayo zangu zilikataa kuamini kwamba chombo cha baharini kinaweza kumheshimu mtu hivi. Mtoto atapita. Bibi atapita. Mjamzito aliyebeba sufuria ya chai atapita! Kitu kidogo, mteremko tu, hakuna mashine hata moja ndani yake, na kwangu mimi ndicho kitu kizuri kuliko vyote ndani ya boti hii. Nimemaliza. Abishaye aende akakanyage kwanza.

Halafu viti! Viti vya barazani vina migongo ya kawaida, unakaa, unaegemea, umetulia. Mzee akavuta kitu fulani, mgongo ukalala kwa nje, kiti kikawa kitanda kipana cha kuota jua! Nikapiga ukelele. Akaurudisha. Nikamwomba aulaze tena. Akaulaza. Ahaa! Meza iko katikati, na nyuma kabisa ukingo wa boti unafunguka, unashuka, unakuwa jukwaa la kukaa miguu ikiwa majini. Miguu yangu, iliyozoea vumbi jekundu la mitaa yetu ya Dilala na Manika, ikakaa humo ndani ya Bahari ya Hindi, maji ya uvuguvugu, samaki wadogo wa milia wakija kuuliza mgeni ni nani. Na bado, hata nanga hatujang'oa!

Tukaing'oa. Unabonyeza kidude kwa dole gumba, duara linazunguka, mnyororo unapanda krrrrr, nanga inachomoza ikiwa imevaa tope, inakaa mahali pake. Mzee akasema zamani vijana wanne walivuta kamba huku wakiimba, migongo ikivimba. Sasa dole gumba!

Ilikuwa majira ya kusi, upepo wa kusini umejaa, mzuri, mzito, wa kutegemewa. Tukaelekea kaskazini, kisiwa cha Bongoyo kimetangulia, Mbudya iko mbele yake, mistari myembamba ya mchanga mweupe inang'aa mpaka macho yanauma. Mzee akaniambia nishike kamba fulani nivute. Nikavuta. Mama weee! Tanga la mbele, lililokuwa limejiviringisha kwenye waya wake hata sikujua kuwa ni tanga, likafunguka pwaa, likajaa, likakaza, na boti yote ikashika mwendo chini ya miguu yangu. Mimi ndiye niliyevuta! Tanga kuu likapanda mlingotini kwa winchi ya umeme, mzee anabonyeza, kamba inapita, tanga linapanda kwa kujivuna, na likitakiwa kushuka linaangukia ndani ya mfuko wake mrefu, halimwagiki sitahani, halimfuniki mtu. Akazima injini.

Na hapo ndipo ninaposhindwa kueleza, lakini ngoja nijaribu. Kwanza kamba zinaanza kuvuma. Halafu maji yanaanza kusema ubavuni, shwaa, shwaa, shwaaa. Halafu kifua kinajua kabla ya kichwa: kitu hiki kizito, chenye jiko na vitanda na friji, kinakwenda, kinakwenda kweli, na hakuna mafuta yanayoungua! Sisi tuliolelewa na milio ya makamiyo ya mgodini, jenereta za jirani, baruti za saa kumi, tunasafiri kwa hewa tu. Hewa! Nilicheka mpaka machozi yakatoka.

Kisha boti ikalala ubavu.

Weee! Hapo nilimshika mzee mkono wa kanzu. Upande mmoja umeinuka, upande mwingine umekaribia maji, mimi roho iko kooni. Kumbuka kuogelea sijui, kama wengi wetu. Mwilini nina jaketi la kuokoa, jembamba, jepesi, ambalo likiguswa na maji linajijaza hewa lenyewe, lakini nani anakumbuka jaketi wakati huo? Mzee hakushtuka hata kidogo. Akanieleza kwamba chini ya boti kuna mkuku mzito wa chuma cha kusubu, umeshuka chini sana majini, na kadiri upepo unavyoisukuma boti ilale, ndivyo uzito ule unavyoivuta isimame. Tena ubavu wenyewe una ukingo mkali unaokimbia kutoka mbele mpaka nyuma, boti ikilala kiasi fulani inakaa juu ya ukingo ule, inatulia. Na kweli, ilitulia! Ililala, ikaegemea, ikasema basi, hapa panatosha, ikaendelea kukata maji kwa raha zake. Sekunde chache baadaye mimi ndiye ninayemwambia mzee, ilaze tena!

"Njoo ushike usukani," akasema.

Sasa elewa kwa nini usukani ni mara mbili. Nyuma ya boti hizi za kisasa ni pana sana, pana ajabu. Ungekuwepo usukani mmoja katikati, ungekaa hapo na usione matanga yako vizuri. Zikiwepo mbili, unakwenda upande ulioinuka, unasimama pembeni kabisa, upepo unakupiga shavu, na unaliona tanga la mbele lote kutoka chini hadi ncha. Na katikati panabaki njia wazi ya kupita. Nikaushika. Ulitetemeka kidogo viganjani, mtetemo mwepesi, hai, maji ya chini yakiniletea habari. Nikaugeuza nusu ya kiganja, boti nzima ikanisikiliza! Nikageuza kwa upande wa pili, ikanisikiliza tena! Nimeendesha gari kwenye barabara ya Likasi wakati wa mvua, na nakuapia usukani wa gari haujawahi kunijibu kwa utii wa namna hii.

Pembeni ya usukani kuna skrini. Ramani ya bahari yote, miamba, vina, na boti yetu ndogo katikati ikitembea. Halafu vipembetatu. Kila kipembetatu ni meli! Ukikigusa kwa kidole inakwambia jina la meli, mwendo wake, inakoelekea. Kulikuwa na meli kubwa kubwa nje ya bandari, zimejipanga zikisubiri zamu, nikazigusa moja moja, na kichwani mwangu nikaona mabamba yetu ya shaba ndani ya makontena yale, yametoka nyumbani kwa kamiyo, yanaondoka sasa kwa maji. Sikuwahi kuiona safari yote kwa jicho moja hivi. Mzee akabonyeza kidude kingine, usukani ukaanza kujigeuza wenyewe, kidogo huku, kidogo kule, unafuata njia tuliyoipangia. "Twende tukapike," akasema. Twende tukapike! Na boti inajiendesha! (Kijana wake alibaki juu akitazama mbele, na hilo nililipenda sana, maana mashine ni mashine.)

Chini, jamani, chini! Nilitegemea shimo lenye giza na harufu ya dizeli. Nikakuta nyumba. Madirisha marefu yamechongwa ubavuni mwa boti, karibu kabisa na mstari wa maji, na kwa kuwa tulikuwa tumelala ubavu, bahari ya kijani ilikuwa inapita nje ya kioo, povu linapanda, linashuka, na mwanga unacheza darini. Kuna vyumba vya kulala vyenye milango, kuna bafu lenye maji ya moto, kuna sebule, kuna makabati ambayo kila mlango una kufuli ya kubonyeza ili sahani zisitoke kukuaga. Kila mahali mkono unapotafuta kitu cha kushika, kipo. Unanyoosha tu mkono, kipo! Mtu aliyechora hapa alifikiria mtu anayepepesuka, na alimhurumia.

Jambo moja tu nitalisema kwa sababu nakupenda: mbao za ndani ni nyembamba za kubandika. Zinapendeza, zinafutika haraka, lakini kiganja kilichozoea mvule kinajua. Ningelipwa mimi kuipamba boti hii, ningemwita fundi wa Lamu. Basi, tuendelee.

Jiko! Jiko hili halijapigiliwa. Limetundikwa kwa pande mbili, na boti ikilala kushoto, lenyewe linabaki wima, ikilala kulia, linabaki wima, linaning'inia na kwenda na kurudi kama bembea ya watoto, na sufuria iliyo juu yake haimwagi hata tone. Kuna vishikizo vya chuma vinavyobana sufuria isiteleze. Kijana alikuwa amekaanga changu, na mimi nikasema, samaki wa namna hii bila bukari, ugali wetu, ni dhambi, nipeni unga. Nikasonga bukari baharini! Lakini unajua kusonga bukari kunataka nguvu, unaukandamiza mwiko, unauzungusha, na kila nikikandamiza, jiko linanikimbia! Nikakandamiza, likakimbia. Mzee akacheka, akanionyesha kikomeo kidogo pembeni: unakisukuma, jiko linasimama imara, unasonga bukari yako kwa hasira zote, ukimaliza unakiachia, linarudi kubembea. Nani alikifikiria kikomeo hicho? Mtu huyo apewe bukari ya bure maisha yake yote. Tukala barazani, sahani mapajani, boti imelala, upepo wa kusi unatupepea, na sijawahi kula bukari tamu kiasi kile. Hata sombe, kisamvu chetu, sikuikumbuka!

Na maji ya kupikia? Ya bahari! Ndiyo. Kuna mashine ndogo chini ya kiti inayoyasukuma maji ya chumvi kwa nguvu kubwa mno kupitia utando mwembamba ajabu, chumvi inazuiwa, maji matamu yanapita. Nilikunywa glasi nzima nikitazama dirishani maji yale yale yakipita yakiwa na chumvi yao. Tunaojua uzito wa dumu la maji kichwani, jambo hili si la kupita haraka, lakini lazima nipite maana shaba inanisubiri.

Haya. Shaba.

Nirudi nyuma kidogo. Siku nilipoletwa mara ya kwanza, boti ilikuwa nchi kavu, imepandishwa ili isafishwe tumbo. Nikapita chini yake, mkuku wake mzito umekaa kwenye magogo, na fundi alikuwa anasugua chini kwa msasa na maji. Maji yaliyokuwa yanamtiririka mikononi yalikuwa mekundu, mekundu ya udongo, mekundu ninayoyajua mimi tangu nazaliwa. Nikamuuliza, "Kaka, hii ni rangi gani?" Akanisogezea kopo. Nikainama nikasoma yaliyoandikwa, na hapo hapo nikashika kichwa. Oksidi ya shaba! Ndani ya rangi ile kuna shaba iliyosagwa, tena nyingi! Tumbo lote la boti, kila mahali panapogusa maji, limepakwa madini yetu!

Sababu yake ni hii. Bahari haipendi kitu kilichosimama. Chombo kikikaa majini, mwani unaota, makombe madogo yanang'ang'ania, na baada ya muda chombo kinaburuta shamba zima, hakiendi. Kwenye vyombo vya mbao ni zaidi, kuna minyoo ya baharini inayotoboa mbao mpaka ubao unabaki matundu matupu. Wazee wa pwani yetu walipambana kwa kupaka deheni, chokaa iliyokorogwa na mafuta, wakirudia na kurudia. Waingereza nao, mwaka 1761, waliifunika manowari yao HMS Alarm kwa mabamba membamba ya shaba kuijaribu, kwa sababu viumbe wale hawaipendi shaba, inawasumbua, wanahama. Rangi ya leo inafanya kazi ile ile: shaba inatoka kidogo kidogo, taratibu, na tumbo linabaki safi. Fundi aliponiambia mimi niupitishe mkono, niliupitisha. Tumbo kavu kidogo, laini, la kukwaruza kwa mbali. Kidole kikarudi chekundu. Sikukiosha mpaka jioni!

Na bado! Nikaanza kuitafuta kila pembe. Nyaya zote za umeme, shaba. Ndani ya mota ya duara la nanga, shaba. Ndani ya winchi ile iliyopandisha tanga kuu, shaba. Ndani ya mashine inayogeuza usukani wenyewe, shaba. Rafadha ya nyuma, shaba iliyochanganywa na madini mengine. Mzee akanifungulia kibao cha ukutani, nyuma yake nyaya zimepangwa kwa utaratibu, zimefungwa vifundo, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na ncha moja iliyokatwa ikanionyesha nyuzi zake, zimepakwa bati juu zisiliwe na kutu, na moyo wake ule ule wa rangi ya machweo. Nilimwambia mzee, "Boti hii bila sisi ingekuwa gogo!" Akakubali papo hapo.

Nikakimbilia betri. Nilitaka kobalti, kwa sababu zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu Kongo, na watu wa mtaa wetu wa Kasulo walichimba mpaka chini ya sakafu za nyumba zao kuitafuta. Betri zilikuwa chini ya kitanda, zinalishwa na vioo vya jua vilivyo juu ya baraza. Mzee akaniambia betri za lithiamu za boti siku hizi mara nyingi ni zile zenye chuma, hazina kobalti, zinapendwa kwa sababu hazishiki moto kirahisi. Nilinywea kidogo, nakiri! Kisha nikatazama mezani, kuna simu zetu tatu na kibao cha kijana chenye ramani ya akiba, na betri za simu nyingi zina kobalti. Nikanyanyuka tena. Tupo! Bahari nzima ile, na tupo!

Tena hatukuanza leo. Bunkeya iko mkoani kwetu Lualaba, na Msiri aliyeitawala alikuja kutoka upande wa Tanzania, kutoka kwa watu wa Unyamwezini, akajenga ufalme wa Wayeke juu ya biashara ya shaba na pembe za ndovu, misafara yake ikifika mpaka pwani ya mashariki na pwani ya magharibi, hadi alipouawa Desemba 1891. Shaba ya Katanga ilibebwa mabegani kuja bahari hii zamani sana kabla ya makamiyo. Mimi nimeifuata tu!

Kurudi ndiko kulikonimaliza kabisa. Kwenda tulisukumwa na kusi, kurudi kusi ilikuwa usoni. Mzee akasema kwenye jahazi hapa ndipo shughuli inapoanza, foromali lile refu la tanga lizungushwe kupita mlingoti, tanga zito lihamishwe, watu wakimbie huku na huku, na wengine wanaona bora wasubiri upepo ugeuke. Boti hii inapiga bishi kwa watu wawili na nusu! Nusu ni mimi. Akasema, "Tayari?" Akageuza usukani, pua ikapita katikati ya upepo, tanga la mbele likapiga makofi, mimi nikaachia kamba ya huku, kijana akakaza ya kule, krr krr krr kwenye winchi, na tumeshalala upande mwingine, tunakwenda! Tukarudia. Tukarudia tena. Kila mara tunausogelea upepo kwa mshazari, kushoto, kulia, kushoto, tunaupanda upepo ngazi kwa ngazi. Mawimbi ya nje ya Bongoyo yakawa yanaturushia maji, mimi mbele nimelowa chapa chapa, napiga kelele, "Aksanti Mungu! Aksanti mzee!" na mzee ametulia na kofia yake hata haijasogea.

Sasa nasema na nyinyi wa nyumbani. Nzilo iko pale! Ziwa kubwa, lililozaliwa bwawa lilipojengwa juu ya mto Lualaba mwanzoni mwa miaka ya 1950, karibu kabisa na Kolwezi, upepo unapita juu yake bure kila siku, na tunachofanya ni kukaa kando tukila samaki na kupiga picha. Wavuvi wetu wa mitumbwi wanalijua kila kona yake, wangekuwa manahodha kabla ya mwezi kuandama mara mbili. Boti kubwa hii ni ya bahari, bei yake ni ya matajiri, sitakudanganya. Lakini zipo ndogo, za watu wawili watatu, za tanga moja, zinapanda juu ya kamiyo bila shida, na makamiyo yanayorudi Kolwezi kutoka Dar yana nafasi. Wenye hoteli za kando ya ziwa, papa na mama zetu wenye uwezo, wakuu wa makampuni ya migodi mnaotafuta cha kuwafanyia vijana wa mji: leteni moja. Moja tu! Na majaketi ya kuokoa, na mtu wa kufundisha kuogelea kwanza.

Na wewe dereva, wewe wakala, wewe mama wa biashara unayepakia kwenda Dar wiki ijayo: ukishamaliza forodha, usirudi bila kupita Msasani. Nenda wakati wa kusi, upepo ukiwa mzima. Kula kidogo asubuhi, vaa viatu vya soli laini au uwe tayari kuvivua, amkia wazee vizuri, omba. Ukipewa usukani, simama upande ulioinuka. Na kama wameipandisha nchi kavu, pita chini, upitishe mkono tumboni mwake.